Matusi Mnayahesabu, Ujumbe Mnaupitisha

Nimeulizwa tena, na safari hii uvumilivu umeniisha: "Hii filamu ina matusi?" Nikijibu haina, mzazi anashusha pumzi na kumwachia mtoto rimoti. Filamu inasema nini, hilo haulizi. Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto, na swali hilo moja limekula muda wangu kuliko mengine yote.

Matusi tuyamalize haraka. Mtoto huyaokota mapema, mengine kabla hajaanza shule, na walimu wake wa kwanza ni watu wanaomzunguka. Utafiti upo unaohusisha matusi ya kwenye runinga na michezo ya video na ukali wa vijana. Ule wa Sarah Coyne na wenzake wa mwaka 2011 hunukuliwa sana. Ila huo ni uhusiano tu. Huenda matusi yanamfanya kijana awe mkali, huenda kijana mkali ndiye anayevifuata vipindi vya matusi. Na ule mlio wa kufunika neno ni mapambo: watoto hushindana kulikisia.

Kinachoniudhi hasa ni kutia kila neno chafu kapu moja. Mtu aliyejigonga kidole akaropoka hajamfundisha mtoto lolote kuhusu binadamu wengine. Anayewaita watu wa kabila jingine wadudu, kwa sauti ya upole na lugha sanifu, amefundisha mengi, na hakuna mhariri atakayemfunika kwa mlio. Vivyo hivyo mtoto mnene wa kwenye kichekesho, anayetaniwa kila kipindi huku vicheko vya kurekodiwa vikimfuata. Hakuna tusi pale. Kuna somo kuhusu nani anastahili kuchekwa, na linarudiwa kila wiki.

Kwa nini basi tunang'ang'ania matusi? Kwa sababu yanahesabika. Marekani, kwenye mfumo wa kupanga filamu kwa umri, tusi zito lenye asili ya ngono likitamkwa mara moja filamu haishuki chini ya PG-13, daraja la kuwaonya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13, lililoanzishwa 1984. Likirudiwa, kwa kawaida filamu inapanda hadi R, ambapo aliye chini ya miaka 17 huingia na mzazi au mlezi. Haya, niandikie kanuni kama hiyo ya filamu ambamo msichana anakataa, anafuatwafuatwa, anakataa tena, kisha mwishoni anaolewa na yuleyule aliyemsumbua. Unahesabu nini pale? Maua?

Mfano ninaourudia mpaka wenzangu wamechoka ni wa Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Runinga ilifika Nadroga, mkoa mmoja wa huko, mwaka 1995, mahali ambapo mwili ulionona ulikuwa sifa. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwapima wasichana wa shule wiki chache baada ya kuingia kwake, wakarudi 1998. Waliopata alama za juu kwenye dodoso la matatizo ya ulaji walikuwa asilimia 12.7 mwanzoni; miaka mitatu baadaye, asilimia 29.2. Waliosema wanajitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Walipohojiwa, baadhi walieleza wazi kuwa walitaka kufanana na wahusika waliowaona. Hakuna aliyewatukana. Hakuna hata aliyewaambia wakonde. Waliona tu miili ipi inapewa maisha mazuri.

Vitabu vya kiada huishia hapo. Mimi ule utafiti unanipa raha na wasiwasi kwa pamoja. Wasichana wa 1998 hawakuwa walewale wa 1995, kila kundi lilikuwa na watu 60 na ushei, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lisilo na runinga. Mengine mengi yalikuwa yakibadilika kisiwani. Bado naamini runinga ilichangia. Kwa kiasi gani, sithubutu kusema.

Halafu kuna utetezi unaonichosha: "Lakini mwishoni mhalifu anakamatwa!" Mwaka 1965 mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kujazwa hewa. Walioona mtu huyo akiadhibiwa walimwiga kidogo kuliko wengine. Vizuri. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi kwa kuonyesha walichokiona, na tofauti ile karibu yote ikayeyuka. Somo walikuwa nalo wote; adhabu ilizuia tu wasilitoe. (Ndiyo, najua, mwanasesere yule ametengenezwa apigwe, na kumpiga yeye si kumpiga mtu. Pingamizi hilo ni la haki na halijanitoka kichwani.) Kwa hiyo dakika tano za pingu baada ya saa nzima ya magari, pesa na heshima hazinitulizi.

Nikikaa na mzazi sasa namwomba atazame na mtoto, kisha amuulize: nani amepata alichotaka, na amekipata kwa njia gani? Majibu huwashtua wazazi kuliko watoto. Je, mazungumzo hayo yanamkinga kila mtoto? Hapana. Wapo wanaotazama uchafu wa kila aina wakabaki salama, na wapo wanaoumizwa na tangazo la sekunde thelathini, na mimi siwezi kukutajia mapema wako ni yupi. Ndiyo maana ukija kuniuliza kuhusu matusi nitakujibu kwa sekunde mbili, kisha nitakuomba unisimulie hadithi yenyewe.