Je, wajua king'amuzi kimoja huwezaje kulisha runinga arobaini?

Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba 40 pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Jioni ya mechi ya Simba na Yanga kila chumba kinaonyesha mchezo uleule, ilhali king'amuzi ni kimoja tu, kimefungiwa kabatini mapokezi. Picha hufikaje kote bila mtandao kuelemewa?

King'amuzi huunganishwa na kifaa kiitwacho enkoda, ambacho hubana picha na sauti, kisha huzigawa katika pakiti ndogo za data zinazosafiri kwenye kebo ya kawaida ya mtandao. Picha ya 1080p (HD kamili) iliyobanwa kwa mfumo wa H.264 huchukua takriban megabiti 6 kwa sekunde. Enkoda ingelazimika kukipa kila chumba nakala yake, ingetoa megabiti 240, na mlango wake wa kebo, wenye uwezo wa megabiti 100 kwa sekunde, ungezidiwa kabla hata nusu ya vyumba havijapata picha.

Kinachookoa hali ni multikasti. Enkoda hutoa nakala moja na kuielekeza kwenye anwani ya kundi. Anwani za namna hiyo zimetengwa kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, na zile za matumizi ya ndani huanza na 239. Runinga inayotaka chaneli hutuma ujumbe mfupi wa IGMP (itifaki ya kusimamia makundi hayo) kuomba kujiunga na kundi, nayo swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao, hunakili pakiti kwenye milango ya walioomba pekee.

Ndiyo maana swichi ya bei ya kutupa huishia kuwa ghali. Isiyosoma ujumbe wa IGMP humwaga kila chaneli kwenye kila mlango, na chaneli 20 ni megabiti 120, wakati runinga nyingi zina mlango wa megabiti 100. Swichi inayosoma nayo ina shida yake: hufuta orodha ya wanachama isipopata kifaa, iwe ruta au swichi yenyewe, cha kuuliza mara kwa mara ni nani bado anatazama. Muulizaji asipowashwa, picha huanza vizuri, halafu huganda baada ya dakika nne na ushei, kwa kuwa muda wa kawaida wa uanachama ni sekunde 260. Fundi asiyejua hili atabadilisha kebo mpaka achoke.

Kwa Wi-Fi, nisingeshauri. Pakiti za multikasti hewani hazithibitishwi kupokelewa, na aghalabu hutumwa kwa kasi ya chini, hivyo picha huchanika. Kebo ya shaba nayo ina kikomo cha mita 100. Jengo la pili likiwa mbali, au radi za miezi ya mvua zikiwa tishio, faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, ni salama zaidi kwa sababu kioo hakipitishi umeme.

Mgeni wa chumba cha 12 akitaka taarifa ya habari wakati wengine wanatazama mpira, kitahitajika king'amuzi cha pili na enkoda yake, kwa sababu kila kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja.