Je, Kusali Miaka Ishirini Kwenye Ardhi ya Umma Iliyotelekezwa Huwapa Waumini Haki ya Kuimiliki?

Mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, ina ardhi nyingi iliyowahi kushughulikiwa kisha ikaachwa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, uliacha mashamba makubwa Nachingwea, na reli iliyoiunganisha na bandari ya Mtwara iling'olewa baadaye. Mkonge nao ulipoanguka bei, mashamba yake mengi yaligeuka vichaka. Tuseme waumini wa dhehebu moja walifyeka kichaka cha namna hiyo, wakajenga banda la ibada, wakapanda mikorosho na kuzika wazee wao wawili. Miaka ishirini baadaye halmashauri inapotaka kujenga zahanati mahali hapo, je, waumini wanaweza kudai mahakamani kwamba ni pao?

Ikiwa ardhi ni ya umma, hawawezi. Wengi hutaja miaka 12 ya kukalia ardhi, na miaka hiyo kweli imo katika Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971: anayetaka kurejeshewa ardhi yake anapaswa kufungua shauri ndani ya muda huo. Lakini sheria hiyo hiyo haizihusu kesi ambazo Serikali inafungua ili kurejesha ardhi ya umma, kwa hiyo dhidi ya Serikali miaka haianzi hata kuhesabiwa.

Hata kati ya watu binafsi, kukaa muda mrefu peke yake hakutoshi. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliamua shauri ambalo ndani yake shirika la masista ndilo lililokuwa mmiliki, na wananchi zaidi ya mia moja ndio waliodai ardhi kwa sababu ya kuikalia. Mahakama ilieleza kwamba mdai lazima athibitishe, pamoja na mambo mengine, kuwa mmiliki aliitelekeza ardhi na kuwa yeye mdai aliikalia waziwazi bila ridhaa ya mmiliki huyo. Sharti hilo la ridhaa ndilo linalowaumiza waumini wengi, kwa sababu utetezi wao wa kwanza huwa ni kwamba mwenyekiti wa kijiji aliwaruhusu. Aliyekaribishwa hubaki mgeni, hata akikaa miaka hamsini.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba ardhi iliyotelekezwa haina mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Shamba la mkonge lenye hati hubaki la mwenye hati mpaka Rais aifute, hata kama nyani ndio wanaolitumia. Katika ardhi ya kijiji, eneo lililomilikiwa kimila huweza kuhesabiwa kuwa limeachwa lisipotumiwa kwa miaka isiyopungua mitano, lakini ni halmashauri ya kijiji inayotangaza hivyo, baada ya kutoa taarifa. Jirani aliyeona majani yamekua hana mamlaka hayo. Najua Kusini mkorosho huheshimiwa karibu kama hati. Hata hivyo mti huonyesha nani alilima, hauonyeshi kwamba aliruhusiwa kulima.

Lipo pia suala la nani hasa anayedai. Kikundi chenye katibu na daftari la sadaka hakiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake mpaka bodi yake ya wadhamini isajiliwe RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kwa kukosa usajili huo, kiwanja huandikwa jina la mchungaji au imamu, na siku akifariki warithi wake na waumini huanza kugombana. Bodi ikishasajiliwa, huomba ardhi ya kijiji kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi huombwa kwa mamlaka za ardhi za Serikali.

Kuhusu yale makaburi mawili, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu Serikali kuyahamisha pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Inataka taarifa itolewe kwanza, na ndugu wa marehemu walipwe gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kufanya ibada zinazoambatana na kazi hiyo. Thamani ya ardhi yenyewe haimo katika malipo hayo.