Kizunguzungu kinachokupata ukisujudu

Mama huyu aliletwa na binti yake, na binti alibeba mfuko wa dawa. Nikauchungulia: vidonge vya presha, dawa mseto ya malaria, vya kuongeza damu, na sinarizini, dawa ya kizunguzungu, paketi tatu. Miezi minne walikuwa wakihangaika, zahanati hii hadi ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikamwuliza: "Mama, kizunguzungu chenyewe kinakupata ukiwa unafanya nini?"

Alijibu papo hapo. "Nikisujudu. Na usiku nikijigeuza upande wa kulia. Nyumba nzima inazunguka."

"Kwa muda gani?"

"Nikisoma Kulhuwallahu mara tatu, kimeshapita."

Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Tumezoea kumwuliza mgonjwa kizunguzungu chake kikoje, naye anahangaika kutafuta maneno: kichwa chepesi, macho giza, miguu haina nguvu. Mimi nauliza kinaamshwa na nini na kinakaa muda gani. Kisichofika dakika moja, kinachokuja ukigeuka kitandani, ukiinama au ukitazama juu kuanika nguo, mara nyingi ni cha sikio. Kikikaa saa kadhaa, sikio likavuma na usikivu ukashuka, nafikiria ugonjwa wa Meniere, ambao nao ni wa sikio la ndani. Kikiendelea siku nzima bila kukatika, huenda mshipa wa fahamu wa mizani umeathirika, lakini kwanza nahakikisha si kiharusi.

Watu wengi hudhani sikio ni la kusikia tu. Ndani kabisa, jirani na kiungo cha kusikia kilichojikunja kama konokono, mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, ndiyo inayoupasha ubongo habari kila kichwa kinapogeuka. Pembeni yake kuna kifuko chenye vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyonata kwenye utando. Uzee, au pigo la kichwa, au bila sababu inayoonekana, baadhi hubanduka na kuingia kwenye mrija, mara nyingi ule wa nyuma. Ukilala vinaporomoka, vinasukuma majimaji, na ubongo unaambiwa kichwa kinazunguka ilhali kimetulia tuli.

Kukigundua kizunguzungu hiki hakuhitaji mashine. Kipimo ninachotumia kilielezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike wa London mwaka 1952. Nilimketisha mama kitandani, nikageuza kichwa chake kulia nyuzi 45, nikamlaza kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. "Usifumbe macho, mama, hata kikija." Tukangoja. Sekunde mbili, tatu, nne, kimya. Ghafla macho yakaanza kucheza, yakijisokota kuelekea sikio la chini, na mkono wake ukakamata koti langu. Sikuliondoa. Baada ya muda mfupi yakatulia yenyewe.

Tiba ilifuata palepale, ile ya John Epley wa Portland, Marekani, aliyeichapisha mwaka 1992 baada ya miaka ya kutoaminiwa na madaktari wenzake. Vijiwe hufuata mvuto wa dunia, basi tunageuza kichwa hatua kwa hatua hadi virudi kifukoni. Nilikizungusha nyuzi 90 kwenda kushoto, nikangoja. Nikamwambia alalie bega la kushoto, uso uelekee sakafuni, nikangoja tena. Kisha nikamwinua. Dakika tano hazikufika.

Sinarizini inatuliza kichefuchefu, haisogezi kijiwe. Mzee akiimeza miezi mfululizo anasinzia, anayumba, na inaweza kumletea mtetemeko kama wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa. Inaniuma kila nikiwaza mtu anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga kwa dawa ambayo hakuihitaji.

Usikivu pia nilimpima, kama ninavyompima kila mwenye kizunguzungu, maana vijiwe peke yake havipunguzi kusikia. Sikio moja likiwa limeshuka kuliko jenzake, natafuta jambo jingine. Na hapa naomba sana: sikio likiziba ghafla, ukaamka husikii upande mmoja, usitie mafuta wala usingoje wiki ipite. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku chache za mwanzo. Aidha, ukichomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kisha ukaanza kuyumba au masikio kuvuma, mwambie daktari siku hiyohiyo. Na kizunguzungu kikija na uso kupinda, maneno kukokota, kuona viwili viwili au kushindwa kabisa kusimama, ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana.

Wiki iliyofuata nilimlaza mama tena vilevile. Macho yalitulia. Mfukoni vilibaki vidonge vya presha tu. Hivyo anavihitaji, presha yake iko juu kweli. Nilimweleza kwamba vijiwe vinaweza kubanduka tena, pengine mwakani, pengine visibanduke kabisa. Binti akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kugeuza kichwa, nikamwonyesha mara mbili.