Je, wajua kwa nini gavana wa kwanza wa California aliachia ngazi mwenyewe?

Peter Burnett alichaguliwa gavana Novemba 1849, California yenyewe hata haijapokelewa rasmi kuwa jimbo la Marekani (hiyo ilikuja Septemba 9, 1850), halafu Januari 9, 1851 jamaa akajiuzulu na hakuna aliyemfukuza. Alisema ni mambo binafsi. Sawa, ila ukifuatilia maisha yake utaona madeni yanamkimbiza kila mahali.

Kule Missouri duka lake lilikufa akabaki anadaiwa kibao, akajisomea sheria mwenyewe mpaka akawa wakili, hadi akawa mmoja wa mawakili wa Joseph Smith, yule nabii wa Wamormoni, alipowekwa ndani. Madeni bado yapo. Basi 1843 akapakia familia kwenye mikokoteni ya ng'ombe wakaenda Oregon, msafara wa watu kama 1,000, maana kulikuwa na tetesi kwamba serikali itagawa ardhi bure. Wakampa ukapteni wa msafara na huo nao akauacha baada ya siku chache tu 😂 yaani kuacha vyeo alishazoea.

Dhahabu ilipotoka California 1848 akakimbilia huko, lakini pesa hakuipata shimoni, aliipata kwenye viwanja vya Sacramento alivyokuwa anauza kwa niaba ya mtoto wa John Sutter, bwana mwenye ardhi kubwa huko, na Burnett akachukua chake humo. Sasa mtu wa hivyo ugavana unampotezea muda, na bunge ndo halimsikilizi kabisa: alitaka watu weusi wapigwe marufuku kuingia California, wakamkatalia. Oregon aliwahi kuipitisha sheria kama hiyo 1844, mweusi asiyeondoka achapwe mpaka viboko 39, ikafutwa kabla haijaanza kutumika.

Kwa hiyo usimwonee huruma. Siku chache kabla ya kuondoka aliliambia bunge kwamba vita ya kuwamaliza wenyeji wa asili itaendelea mpaka waishe.

Madeni ya Missouri alikuja kuyalipa, baadaye akawa jaji wa mahakama kuu ya jimbo, na 1858 akatoa hukumu ya ajabu: kijana mtumwa Archy Lee kisheria ni huru, ila arudishwe kwa bwana wake kwa sababu bwana mwenyewe bado mdogo na anaumwa!! Watu waliicheka sana ile hukumu, na miezi michache tu mbele Archy akaachiwa huru na afisa mwingine wa sheria.