Acheni kuziba benki za kale kwa saruji

Kila mwenye jengo la benki la enzi ya Malkia Victoria huniambia jambo lilelile: "Chokaa ya kwenye viungio vya mawe imeliwa, tuzibe kwa saruji, ni imara zaidi." Nimechoka kulisikia, maana ushauri huo unaua mawe yaliyodumu zaidi ya miaka 150.

Chukua jengo lililokuwa makao makuu ya National Provincial Bank, Bishopsgate, London, alilolisanifu John Gibson katikati ya miaka ya 1860. Uso wake ni jiwe la Portland, jiwe la chokaa. Mvua ikilipiga, hunyonya maji, na maji hayo lazima yatoke. Mota ya chokaa, yaani mchanganyiko unaounganisha mawe, ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu, kwa hiyo maji hutokea kwenye viungio. Miaka ikipita mota hulika, na ndiyo kazi yake: iliwe yenyewe, jiwe lipone. Ukiziba kwa saruji umefunga njia. Maji yatatokea kwenye uso wa jiwe, yataacha chumvi, chumvi itakua ndani ya vitundu na kulisukuma. Majira ya baridi kadhaa tu, kingo za jiwe zinabanduka, huku mstari wa saruji umetokeza nje, mzima. Halafu mtu anauonyesha kama ushahidi wa uimara! Umebaki kwa sababu jiwe ndilo lililoliwa.

Wala msiseme mafundi wa wakati ule hawakuijua saruji. Miaka hiyohiyo mhandisi Joseph Bazalgette aliitumia kwenye mifereji ya majitaka chini ya London. Waliijua, wakaipeleka inakofaa.

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja, kwaruza kiungio kwa msumari. Kikitoa unga mweupe, rudisha chokaa. Ukikuta saruji ya juzijuzi, itoe taratibu kwa tindo nyembamba. Grinda isikaribie hapo: ikishakula ukingo wa jiwe, kiungio hakiwi chembamba tena.

Wengine huniambia pia kwamba kuba za vioo za kwenye paa la benki hizi ni mbwembwe tu. Ukumbi wa ile benki ya Gibson ni mpana na mrefu, na mwanga wa madirisha ya mtaani haufiki katikati. Karani alisoma leja kwa mwanga wa juu. Msizifunike kuba hizo kwa dari ya jasi.

Na si kila benki ya enzi hiyo ina nguzo za Kirumi. Ile ya English, Scottish and Australian Bank, Collins Street, Melbourne, aliyoisanifu William Wardell na kujengwa kati ya 1883 na 1887, ni ya Kigothi, matao yamechongoka juu.