Kinyesi cha Panya Hakisemi Habari za Utumbo Mzima

Tangu maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nyamhongolo, Mwanza, dirisha la mapokezi la maabara yetu halijatulia, na malalamiko nayo yamepanda. Wanafunzi wenye tafiti za mwisho wa masomo, wafugaji wa panya weupe, hata wananchi waliopita tu kwenye banda letu, wanafika na kichupa chenye punje tatu nne za kinyesi cha panya na kuomba majibu ya "bakteria wa tumbo lake". Tukiwaeleza kwamba punje hizo zinazungumzia mwisho wa safari tu, wapo wanaoondoka wakisema maabara inakwepa kazi. Naamini wanauliza kwa nia njema, ndiyo maana naandika.

Panya wa maabara ana kiwiliwili cha sentimita 10 hivi, lakini utumbo wake mwembamba ukiunyoosha kwenye trei unapita sentimita 30. Njiani humo bakteria hawafanani, kama vile wakazi wa Igoma wasivyo wakazi wa Kirumba ingawa wote ni wa Mwanza.

Tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, lina vyumba viwili, na kwenye trei vinaonekana kwa macho: cha juu ni cheupe na kigumu kidogo, cha chini ni chekundu na ndicho chenye tezi za asidi. Kwenye ukuta wa kile cheupe bakteria waitwao laktobasili hujishika tabaka juu ya tabaka, kisha huchanika kidogo kidogo na kushuka pamoja na chakula. Binadamu hana chumba hicho. Anayesoma matokeo ya tumbo la panya na kuyahamishia kwa mgonjwa wake moja kwa moja amekosea tangu hatua ya kwanza.

Utumbo mwembamba ni mahali pagumu kwa bakteria kuishi. Chakula kinapita haraka, nyongo inamwagwa, oksijeni bado ipo, na ukuta wenyewe unatoa kemikali za kuwaua. Wanaobaki ni wachache, laktobasili wakiwa wengi miongoni mwao. Ila karibu na mwisho wake wapo bakteria warefu kama uzi, wanaochomeka ncha moja kwenye ukuta. Mwaka 2009 ilioneshwa kwamba panya wenye nyuzi hizo hujaza ukuta wa utumbo kwa chembe za kinga za aina ya Th17, na wasio nazo huwa na chembe hizo chache sana. Panya wale walikuwa wa ukoo mmoja, tofauti ikiwa mahali walikofugwa. Wafugaji wetu walichukulie jambo hili kwa uzito.

Kisha inakuja sekamu, kifuko kilichojikunja kama alama ya mkato, cheusi cheusi kwa mabaki ya chakula. Hapa ndipo kiwanda kilipo. Chakula hukaa, oksijeni haipo, na gramu moja ya uji ule hubeba bakteria wapatao bilioni 100, wengi wao wa makundi ya klostridia na bakteroidi. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo panya mwenyewe hawezi kuzimeng'enya na kumpa asidi anazozitumia kama nishati. Mojawapo, butirati, hulisha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Panya aliyelelewa bila bakteria kabisa huvimba sekamu hadi ikajaza sehemu kubwa ya tumbo lake, na ukiiona mara moja hutaisahau.

Kwenye utumbo mpana maji hufyonzwa na punje huundwa. Ukutani kuna ute wa tabaka mbili, na la ndani karibu halina bakteria. Punje ikitoka, inabeba waliokuwa katikati ya mfereji, na waliojificha kwenye ute hubaki nyuma.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulikunjia uso: panya hula kinyesi chake na cha wenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba akizuiwa kabisa, bakteria wa utumbo mwembamba hupungua karibu mara 100. Kwa hiyo panya 10 wa kizimba kimoja wasihesabiwe kama panya 10. Wamelishana bakteria. Hili tumelisema mwaka hadi mwaka na bado fomu zinaletwa panya wote wakiwa na namba moja ya kizimba.

Swali lingine kwenye banda lilikuwa kama inafaa "kusafisha tumbo" kwa vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili. Hapana. Mwaka 1954 panya waliopewa antibayotiki ya streptomisini waliambukizwa bakteria wa salmonela kwa dozi isiyofika bakteria 10, wakati panya wasiopewa walihitaji kama 100,000. Wenyeji wakiondolewa, mgeni anapata kiti. Antibayotiki ni ya cheti cha daktari.

Sasa utaratibu wa sampuli. Funga kila sehemu ya utumbo kwa uzi pande zote mbili kabla ya kukata, vilivyomo visihame. Tumia mkasi safi kwa kila sehemu. Kila kipande kiwe na kichupa chake, chenye namba ya kizimba, jinsia, umri, chakula na dawa yoyote aliyopewa panya. Panya aliyekufa mwenyewe na kukaa juani haletwi, kwa sababu bakteria huendelea kuzaliana na kuhama baada ya kifo. Barafu iliyobebea samaki pale mwaloni Kirumba isitumike: mwezi uliopita kisanduku kimoja kilifika barafu imeyeyuka, vichupa vikielea kwenye maji yenye magamba ya sato, na kazi yote ya miezi minne ikabidi tuikatae.

Sampuli isiyokidhi hugongwa muhuri wa KUKATALIWA na ada ya mapokezi hairudishwi. Ikikataliwa mara ya pili, msimamizi wa mwanafunzi huandikiwa barua. Asiye na kibali cha maadili ya utafiti hapokelewi kabisa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, hata awe panya. Dirisha hufunguliwa Jumatatu hadi Alhamisi, mwisho saa 4 asubuhi. Ijumaa hatupokei, kwa kuwa sampuli italala bila mtu wa kuishughulikia hadi Jumatatu.