"Angenipenda, hamu ingekuja yenyewe"

Mimi ni mshauri wa ndoa, na sentensi hiyo, kuhusu hamu ya tendo la ndoa, nimeisikia mara tatu wiki hii. Nimechoka kuisikia.

Mume anafanya kazi Mtumba, Dodoma, mke na watoto wako Dar. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Ijumaa anapanda treni, Jumapili anageuza. Wanakutana usiku, wote hoi, vichwani ada ya shule na fundi bomba, halafu wanategemea miili iwake papo hapo. Isipowaka, basi, "ana mchepuko."

Hapana! Ipo hamu inayotangulia yenyewe, na ipo inayoamka baada ya mtu kutulia, kuguswa kwa upole na kujiona salama. Daktari Rosemary Basson wa Kanada aliieleza hii ya pili mwaka 2000 alipoandika kuhusu wanawake. Kwa waliokaa kwenye ndoa miaka mingi ni jambo la kawaida kabisa, si dalili kwamba mapenzi yamekwisha. Ukiisubiri itangulie, unasubiri chungu kichemke na moto hujawasha.

Ndiyo maana wengi hushtuka nikiwapa zoezi langu la kwanza: tendo la ndoa marufuku kwa wiki kadhaa. Mnapanga muda, simu mnazima (kwa hili sibembelezi mtu), mnagusana kwa zamu: mikono, mgongo, miguu. Matiti na sehemu za siri bado. Anayeguswa anasema kipi kinampendeza na kipi hakimpendezi. Zoezi hili lilitoka kwa watafiti Masters na Johnson wa Marekani, waliolieleza mwaka 1970. Linasaidia kwa sababu linaondoa mtihani: hakuna wa kufaulu wala wa kufeli, na mwili uliojikaza kwa hofu unaanza kulegea. Wanaume hunijibu, "Mshauri, mimi si mtoto." Usiku wa pili wanaruka hatua, kisha wanarudi kuniambia zoezi halifai. Fuateni hatua, jamani.

Mimi pia si Baraza. Kwa kawaida Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, kwa hiyo watu wananijia na simu zimejaa meseji za ushahidi. Hukumu sitoi. Natafuta mzunguko wenu: huyu analaumu, yule ananyamaza, na kadiri anavyonyamaza ndivyo lawama zinavyozidi.

Dawa za nguvu za kiume za mtaani usinunue. Kapime sukari na presha kwanza. Kama shida ilianza baada ya kuandikiwa dawa za presha, mwambie daktari. Usiziache kwa uamuzi wako.

Na wanaosema hakuna ndoa isiyosaidika kwa kukaa chini pamoja: penye kipigo siwaketishi pamoja wala sitoi zoezi la kugusana. Anayepigwa namwona peke yake, na tunaanza na mahali atakapolala salama usiku huo.